Dinari ya Tiberius kwa dola 320: ninunue au niache?

SWALI: Wahariri, salaam. Kuna muuzaji wa mtandaoni, yuko Ulaya, ananiuzia dinari ya Kaisari Tiberius kwa dola 320. Anasema ndiyo ile fedha ya kodi ya kwenye Injili. Ameandika hivi: gramu 3.18, milimita 18, hali nzuri sana, imetoka kwenye mkusanyo wa zamani. Ametuma picha mbili, ya mbele na ya nyuma. Je, bei hiyo ni ya haki? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, bei ni swali la nne. Kabla yake kuna matatu: sarafu ni ya aina gani, ni halisi au bandia, na hali yake ikoje. Wengi hulipia la nne kisha ndipo wanaanza kuuliza la kwanza.

Kuhusu aina, hapa kazi ni rahisi. Tiberius alitawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 B.K., na karibu dinari zake zote zina sura moja. Mbele kuna kichwa cha kaisari chenye taji la majani, kikitazama kulia, na maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. Nyuma kuna mwanamke aliyeketi, ameshika fimbo na tawi, na maneno PONTIF MAXIM. Zilitengenezwa Lugdunum, mji ambao leo ni Lyon, Ufaransa. Katika orodha ya sarafu za Kirumi iitwayo RIC, ambayo wauzaji makini huitaja, zimo chini ya namba 26, 28 na 30, na tofauti yake kubwa ni miguu ya kile kiti na mistari iliyo chini yake. Mwambie muuzaji akupe namba. Akishindwa, basi hajui anachouza, au anajua na hataki uende kulinganisha.

Hilo jina la "fedha ya kodi" lichukue kama jina la biashara. Injili inataja dinari yenye sura na anwani ya Kaisari, basi. Haisemi ni toleo lipi. Jina hilo, hata hivyo, lina uzito kwenye bei. Sarafu hii si adimu hata kidogo, ila Wakristo dunia nzima wanaitafuta. Dinari ya makaisari wengine, kama Antoninus Pius au Septimius Severus, iliyo katika hali ileile hupatikana kwa dola 60 hadi 120, wakati hii ya Tiberius mara nyingi huenda dola 250 hadi 500. Unalipia hadithi, na hakuna ubaya wowote mradi ujue.

Sasa uhalisi, na hapa ndipo tangazo lako linapotutia shaka. Dinari ya Tiberius iliyo nzima huwa na gramu 3.6 hadi 3.9, na fedha yake ni karibu safi. Iliyochakaa vibaya yaweza kushuka hadi 3.4. Hii yako ina 3.18, halafu anasema sura zake bado ziko vizuri. Madini yamepotea lakini sura haikupotea: yamekwenda wapi?

Majibu ni matatu. La kwanza, huenda ndani ni shaba iliyovikwa ngozi nyembamba ya fedha. Waghushi wa zama zilezile za Warumi walifanya hivyo, na shaba ni nyepesi kuliko fedha. Sarafu ya namna hiyo ni ya kale kweli na ina watu wake, lakini bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya halisi. Itafute kwenye ukingo na kwenye sehemu zilizoinuka, kama pua, shavu na nywele za juu ya sikio: ngozi huchanika hapo na wekundu au ukijani wa shaba huchungulia. La pili, huenda imesubiwa juzijuzi, yaani madini yaliyoyeyushwa yamemiminwa kwenye kalibu iliyotolewa kwenye sarafu halisi. La tatu, ni halisi lakini imeliwa na udongo au imesafishwa kwa tindikali, na imebaki na vitundu kama sponji. Yote matatu yanashusha bei.

Mwombe picha nne zaidi: ukingo kutoka pande mbili, sarafu ikiwa juu ya mizani namba zikisomeka, na uso wake ukimulikwa kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, siyo kutoka juu. Mwanga wa ubavuni hufichua yote ambayo mwanga wa juu unayafunika.

Sarafu ya Kirumi iligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili. Pigo hilo husukuma madini kutoka katikati kwenda nje, ndiyo maana herufi za sarafu halisi husimama wima kutoka kwenye uwanja, yaani ile sehemu tupu iliyo bapa, na karibu na ukingo huona mistari myembamba inayoelekea nje, pengine na nyufa ndogo. Iliyosubiwa haijapigwa. Herufi zake zimelala kama sabuni iliyotumika, pembe zake ni za mviringo, na chini ya lenzi ya sonara inayokuza mara 10 utaona vishimo vya duara vilivyoachwa na hewa. Ukingo una mshono, au una mikwaruzo ya tupa iliyopitishwa kuuficha huo mshono. Ukingo uliopigwa tupa pande zote bila sababu ni dalili mbaya kuliko mshono wenyewe.

Kisha tafuta mapacha. Mihuri ileile iligonga sarafu nyingi, kwa hiyo sura kufanana si tatizo. Lakini kila kipande cha fedha kiliwekwa chini ya nyundo kivyake, kikapasuka kivyake, kikakwaruzika kivyake. Ukikuta mtandaoni sarafu mbili zenye ufa uleule, kishimo kilekile na ukingo uliokatika palepale, angalau moja imetolewa kwenye kalibu, na kwa kawaida zote mbili.

Sumaku ijaribu ukipenda, lakini itakuokoa na bandia za kijinga tu. Fedha, dhahabu na shaba hazishiki sumaku, na waghushi wanalijua hilo. Kuidondosha usikie mlio usithubutu: fedha ya miaka elfu mbili huweza kuwa tete kama biskuti, haitoi mlio hata ikiwa halisi, na huvunjika vipande viwili.

Ikifika mkononi ndani ya muda wa kurudisha (na usinunue pasipo muda huo), ipime majini. Weka kikombe cha maji chenye tone la sabuni ya vyombo juu ya mizani inayosoma gramu 0.01, kisha isomeshe sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, itikise mapovu yatoke. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Dinari ya gramu 3.70 inayosukuma 0.36 inatoa 10.3, fedha safi ni 10.5, kwa hiyo hapo hakuna shaka ya madini. Yako ya 3.18 ikisukuma 0.34 itatoa 9.35, na hiyo si fedha safi, kuna shaba tumboni. Rudia mara tatu, maana kosa la 0.01 tu linabadilisha jibu.

Hali nayo ina mtego wa lugha. Ngazi za biashara hii huandikwa kwa herufi: F, VF na EF kwa Waingereza na Wamarekani, S, SS na VZ kwa Wajerumani, TB, TTB na SUP kwa Wafaransa. Ukitafsiri VF neno kwa neno utapata "nzuri sana", kumbe ni ngazi ya kati, ya sarafu iliyozunguka sokoni ikachakaa kiasi. Kwa hiyo muulize ana maana ya herufi zipi. Nasi tungekuwa wewe, tungeacha herufi tukaangalia mambo matatu. Je, kichwa kimekaa katikati? Vipande vya dinari hizi mara nyingi vilikuwa vidogo kuliko muhuri, maandishi yakakatwa, na yenye maandishi kamili hulipiwa zaidi. Je, uso ni laini au una vitundu? Je, sura ya kaisari imechongwa na fundi mzuri? Sarafu iliyochakaa sawasawa, yenye uso laini na rangi ya kijivu iliyotulia, ni bora kuliko yenye sura kali iliyosuguliwa hadi inameta kama kijiko kipya.

Ndipo bei. Usitazame bei ambazo watu wanaomba. Tazama bei ambazo watu wamelipa. Hifadhi za minada kama acsearch na CoinArchives zinazo, ingawa baadhi ya matokeo ni kwa malipo. Chukua mauzo 8 hadi 10 ya namba ileile na hali ileile ya miaka mitatu iliyopita, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, angalia katikati. Kumbuka kwamba bei inayogongewa nyundo si bei anayolipa mtu. Juu yake kuna kamisheni ya mnunuzi, mara nyingi kati ya asilimia 18 na 25, na nauli. Iliyogongewa dola 200 kwa kamisheni ya asilimia 20 na posta ya dola 30 imemgharimu mnunuzi 270. Linganisha 270 hiyo na 320 yako, ukiongeza na ya forodha kwenu.

Uamuzi wetu: ingekuwa na gramu 3.7, sura nzima na ukingo safi, 320 ingekuwa bei ya haki na ungeweza kujaribu 280. Kwa 3.18 na picha mbili, iache.

SWALI: Assalaam aleikum. Hapa Muscat nimeonyeshwa sestertius mbili za Kaisari Hadrian, zote za shaba na zote za kijani. Moja ni dola 250 na imefifia. Nyingine ni 900, nywele zinahesabika moja moja na uwanja ni laini kama kioo. Tofauti hiyo inastahili? – Msomaji, Muscat

JIBU: Wa aleikum salaam. Huenda inastahili, na huenda ile ya 900 ndiyo mbovu kuliko zote. Sestertius ni kipande kikubwa, gramu 25 hivi, cha mchanganyiko wa shaba na zinki. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na rangi ya dhahabu. Ukubwa huo unamvutia fundi mwenye patasi. Huchukua sarafu iliyofifia ya dola 150, huchonga nywele upya, huparua uwanja uwe bapa, hupaka kijani, na bei inapanda mara sita.

Kioo laini pamoja na nywele kali havikai kwa amani kwenye sarafu moja. Itazame kwa lenzi. Nywele zilizogongwa zina migongo ya mviringo. Zilizochongwa ni mifereji yenye kingo kali, kama chale. Tazama kandokando ya herufi: uwanja ukiwa umezama kuzizunguka kama handaki, mtu amekwangua pale. Tazama urefu wa herufi: zikiwa hazilingani, baadhi zimeguswa. Zaidi ya yote, linganisha mchakao. Shavu limelika lakini nyusi ni mpya? Nguo imefutika lakini mikunjo yake imekatwa vizuri? Mchakao hauchagui hivyo.

Rangi ya kijani ipimwe kwa pamba yenye asetoni, kwa ruhusa ya mwenye mali na mbali na moto, sehemu ndogo ya ukingoni. Rangi ya kupaka huacha doa kwenye pamba. Ile iliyoota karne kwa karne haitoki, kwa sababu ni sehemu ya shaba yenyewe.

Na ile ya 250 ichunguze pia. Kijani kilichokolea, kigumu, ni sawa. Kijani kilichopauka kama unga, ambacho kinatoka kwa kijiti cha meno na kurudi baada ya wiki, ni ugonjwa wa shaba. Chumvi ya kloridi iliyomo ndani hukutana na unyevu na hewa, na inakula kuelekea moyoni. Kwenye miji ya pwani kama wako, au Mombasa, au Unguja, ugonjwa huo hauna msimu wa kupumzika. Sarafu yenye dalili hiyo inunue tu kama bei inalipia matibabu: kulowekwa kwenye maji yaliyotoneshwa yanayobadilishwa kwa wiki kadhaa, kukaushwa kabisa, kisha kuwekwa kwenye kopo lililofungwa pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu. Albamu za plastiki laini yenye harufu kali epuka; hutoa tindikali.

SWALI: Nimepata solidus, sarafu ya dhahabu ya Kirumi, gramu 4.42. Sonara wa hapa Nairobi ameipima, amethibitisha ni dhahabu. Si hapo shaka imekwisha? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Bado, ndugu. Sonara amethibitisha madini, hajathibitisha umri. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyeishi 1772 hadi 1830, alichonga mihuri kwa mkono na kugonga sarafu za kale kwa madini halisi. Pengine alizigonga juu ya sarafu za kale zilizofutika, hivyo hata madini yenyewe yakawa ya kale. Inasemekana alizitia kwenye sanduku lenye grisi na vumbi la chuma, akalifunga kwenye gari lake la farasi, zikachakaa njiani.

Uzito wako ni mzuri. Solidus ya Kaisari Constantine na waliomfuata ilikatwa 72 kwa ratili ya Kirumi, yaani gramu 4.5 hivi. Ikiwa chini ya 4.3, uliza kama imepunguzwa ukingoni. Ukitaka kuipima majini, mizani ya 0.01 haitoshi: ikisoma 0.23 utapata 19.2, ikisoma 0.24 utapata 18.4, na tofauti hiyo ni kubwa. Tumia ya 0.001.

Kwa bei, anza na sakafu: thamani ya dhahabu yenyewe siku hiyo. Kinachozidi hapo kinategemea jina la kaisari na mji ulioigonga. Kisha geuza utazame ukingo wa juu, ulio juu ya kichwa. Solidi nyingi zilivaliwa shingoni, na kishikizo kilipoondolewa kiliacha kovu, ubapa au alama ya lehemu. Kovu hilo huweza kula hadi nusu ya kile kinachozidi sakafu, na muuzaji hupenda kulificha chini ya kidole anapopiga picha.

SWALI: Nimeuziwa sarafu kubwa ya fedha yenye kichwa cha mwanamke mnene na herufi za Kirumi, mojawapo ni "R. IMP." Muuzaji anasema ni malkia wa Roma na kwamba iliokotwa ufukweni, anataka laki tano. – Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Dada, hiyo ni reale. Mama huyo ni Maria Theresa wa Austria, na mwaka ulioandikwa pale ni 1780. "R. IMP." inamtaja kweli kama malkia wa Warumi, lakini ni cheo cha Ulaya ya karne ya 18. Ipime: gramu 28.07, kipenyo milimita 40 hivi. Dinari ya Kirumi haifiki hata nusu ya kipenyo hicho. Na hata hiyo 1780 usiitegemee, kwa maana sarafu hii iliendelea kugongwa kwa tarehe ileile baada ya mama huyo kufa, Vienna, London, Bombay na kwingineko, kwa ajili ya biashara ya Arabuni na mwambao wetu. Fedha safi iliyomo ni gramu 23.4. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku. Toleo la kawaida halizidi sana hapo.

Kuhusu sarafu za Kirumi kuokotwa ufukweni: mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 unaitaja bandari ya Rhapta kwenye pwani hii, kwa hiyo biashara ilikuwepo. Lakini kinachookotwa zaidi ni visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa, vyenye maandishi ya Kiarabu na bila kichwa. Visarafu hivyo usivinunue. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

SWALI: Sarafu 50 za Kirumi ambazo hazijasafishwa, kwa pauni 100. Kuna bahati humo? – Msomaji, Leicester

JIBU: Hakuna. Zimeshachambuliwa. Utapata shaba ndogo za karne ya 4, za Constantine na wanawe, robo yake hazisomeki. Zinazosomeka huuzwa pauni 5 hadi 20 kila moja zikiwa safi tayari. Nunua tano hizo.

SWALI: Muuzaji ananipa cheti cha uhalisi chenye muhuri. Kinaongeza thamani? – Msomaji, Hamburg

JIBU: Alichokichapa mwenyewe hakiongezi hata senti. Kinachoongeza ni historia ya umiliki inayoweza kukaguliwa: ukurasa wa orodha ya mnada wa 1985 wenye picha ya sarafu hiyohiyo, risiti yenye tarehe, bahasha ya zamani yenye namba. "Mkusanyo wa zamani" bila jina wala mwaka ni maneno matupu. Hata karatasi zikaguliwe: sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, yenye majambia mawili ya kukumbuka mauaji hayo, iliuzwa London Oktoba 2020 kwa pauni milioni 3.24. Historia yake ya umiliki ilikuwa ya uongo, na mwaka 2023 Marekani iliirudisha Ugiriki.

Kwako uliyeko Ujerumani kuna jambo jingine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2019/880 inatumika kikamilifu tangu 28 Juni 2025, na inahusu uingizaji wa vitu vya kale kutoka nje ya Umoja. Ukinunua kwa muuzaji aliye nje, muulize nani anashughulikia nyaraka za forodha kabla hujalipa, na jibu lake lihifadhi kwa maandishi pamoja na risiti. Atakayeinunua kwako baadaye ataziomba karatasi hizohizo.